Kumsifu Bwana Penye Kaburi

Wapendwa wasikilizaji, Bwana asifiwe.

Najua wengi wenu mmeitikia pale mlipo: jikoni, dukani, kitandani hospitalini, au mkiwa mmeizunguka redio kabla ya kwenda kanisani. Kwetu sisi Wakristo wa Kenya, salamu hii imekuwa kama kubisha hodi. Tunaitoa mlangoni, njiani, sokoni, na mwanzoni mwa kila mkutano. Mtu akisema, "Bwana asifiwe," kinywa hujibu, "Asifiwe sana," hata kabla moyo haujafikiri.

Lakini leo nataka kuwaambia habari ya siku moja ambapo nilitoa salamu hiyo nisijibiwe.

Niliitwa kwenda kwa jamaa moja waliofiwa na mtoto. Alikuwa kifungua mimba wao, na aliugua siku mbili tu. Nilipoingia niliwakuta akina mama wameketi chini, na mama wa mtoto katikati yao, amejitanda leso mpaka usoni. Nami kwa mazoea yangu nikasema kwa sauti kubwa, "Bwana asifiwe!" Wachache waliitikia chini kwa chini. Yule mama aliinua macho, akanitazama, asiseme neno. Kisha akaniuliza polepole, "Mchungaji, nimsifu kwa lipi?"

Nilimjibu upesi. Nilimtajia mistari mitatu minne ya Biblia, nikamwambia kwamba Mkristo imempasa kushukuru katika mambo yote. Mama akainamisha kichwa, akanyamaza, nami nikadhani nimemfariji. Ni njiani, nilipokuwa nikirudi kwangu, ndipo nilipotambua kwamba sikumjibu. Nilimnyamazisha tu. Na swali lake likanifuata: nilipopanda mimbarani lilikuwapo, na nilipofunga macho kuomba lilikuwapo.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Mombasa kwa mkutano wa kanisa, na wenyeji wetu wakatuchukua kutuonyesha mahali pa historia. Tulivuka kutoka kisiwani hadi upande wa Nyali, na huko tukasimama mbele ya kaburi la mwanamke. Hapo, wapendwa, ndipo nilipoanza kupata jawabu. Kwa hiyo leo naomba tukae kidogo penye kaburi hilo, tusikie habari zake.

Mwanamke huyo aliitwa Rosine Krapf. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Kijana huyo alisomea kazi ya umisheni huko Basel katika Uswisi, na mwaka wa 1837 akatumwa Ethiopia na chama kile cha Uingereza ambacho wazee wetu walikijua kwa herufi tatu tu, C.M.S. Alikaa katika nchi ya Shoa kuanzia 1839 hadi 1842. Mwaka huo wa 1842 akamwoa Rosine Dietrich katika mji wa Alexandria, Misri, na mara wakaanza safari ya kurudi kwenye kazi. Lakini njia ya Ethiopia ilikuwa imefungwa.

Katika safari hizo, mwaka wa 1843, wakiwa jangwani karibu na pwani ya Bahari ya Shamu, Rosine alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Akazaa mtoto wa kike. Mtoto huyo aliishi saa moja tu. Baba yake alimbatiza, akampa jina Eneba, na kwa Kiamhari maana yake ni "chozi". Wakamzika chini ya mti kando ya njia. Wenyeji waliokuwa wakiwasindikiza hawakukubali kungoja zaidi, na siku ya tatu baada ya kujifungua yule mama ilimbidi aondoke na kulipa kisogo kaburi la mwanawe.

Liangalieni jina hilo, wapendwa. Baba Mkristo, mmisionari, amesimama jangwani na mtoto anayekata roho mikononi mwake, naye anambatiza kwa jina la Mungu Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Hakumpa jina la kusema kwamba mambo ni mazuri, wala jina la kuwapendeza wale watakaosoma barua zake huko Ulaya. Alimwita Chozi. Machozi yake aliyaleta mbele za Mungu katika maji yale yale ya ubatizo.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza. Kumsifu Mungu katika shida si kuyaficha machozi. Soma kitabu cha Ayubu, mwisho wa sura ya kwanza. Siku zote tunakumbuka kwamba Ayubu alilibariki jina la Bwana. Lakini angalia yaliyotangulia: alisimama, akalirarua joho lake, akanyoa kichwa chake, akaanguka chini, ndipo akasujudu. Joho lilichanika kabla ya sifa kutoka, na Biblia yasema kwamba katika hayo yote hakufanya dhambi. Na Bwana wetu mwenyewe, penye kaburi la Lazaro, alijua vema kwamba kitambo kidogo tu atamwita atoke. Hata hivyo alilia. Ikiwa Mwana wa Mungu alilia penye kaburi alilokuwa karibu kulifungua, sisi ni nani hata tuwaambie waliofiwa wakaushe macho ndipo wamsifu Mungu?

Nikirudi kwa habari yetu: Krapf na mkewe hawakukata tamaa. Kwa kuwa njia ya Ethiopia ilifungwa kaskazini, walitafuta njia ya kusini kwa bahari. Waliondoka Aden mwezi wa Novemba 1843, na mwanzoni mwa Januari 1844 wakafika Unguja. Sultani Seyyid Said aliwapokea kwa wema, akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei mwaka huo wakahamia Mombasa.

Wareno walikuwa wameleta Ukristo Mombasa zamani, katika siku za Ngome ya Yesu, lakini utawala wao ulipokwisha kanisa lao pia lilikwisha. Kazi ya makanisa yetu ya Kiprotestanti katika Kenya ilianza na watu hawa wawili katika mwezi huo wa Mei.

Krapf hakukawia. Tarehe 8 Juni 1844, kabla hajatimiza hata miezi miwili mjini, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali, aliyekuwa kadhi wa mji. Sisi tunaosoma Biblia ya Kiswahili tusisahau kwamba yule mgeni alifundishwa lugha na wenyeji wa Mombasa, na kwamba katika kazi hiyo Mwislamu huyo alimsaidia kwa uaminifu.

Mwezi mmoja ukapita. Rosine alikuwa mjamzito tena. Nyumba nzima ikashikwa na homa, ile homa ya pwani tunayoiita malaria. Siku zile hakuna daktari yeyote duniani aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Hilo lilionyeshwa na Ronald Ross huko India katika mwaka wa 1897. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ikazidi. Mumewe naye alikuwa amelala mgonjwa karibu naye, hana nguvu hata za kumhudumia.

Krapf mwenyewe ameandika jinsi mkewe alivyokuwa katika siku hizo za mwisho. Rosine alijua kwamba anakufa. Aliomba kwa ajili ya mumewe, kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki, na hata kwa ajili ya Sultani. Aliwashuhudia wanawake wa mjini waliokuja kumwangalia. Tena akatoa ombi moja juu ya maziko yake: kaburi lake lisiwe kisiwani, bali ng'ambo, upande wa bara, mahali ambapo Wamijikenda, walioitwa Wanyika siku zile, wangepita wakiliona, ili liwakumbushe kilichowaleta watumishi wa Kristo katika nchi yao. Alitaka kuendelea kuhubiri hata baada ya sauti yake kunyamaza.

Akafa tarehe 13 Julai 1844, siku ya Jumamosi. Wakamvusha maji, wakamzika upande wa bara kama alivyotaka. Kabla siku tatu hazijatimia, mtoto naye akafa, akazikwa kando ya mama yake. Krapf alibaki peke yake, mgonjwa, katika nchi ambayo alikuwa ameijua kwa miezi michache tu. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba alilia siku nyingi.

Lakini kulia hakukuwa mwisho wa yote. Aliwaandikia wakuu wake wa misheni huko Uingereza, na barua hiyo imekumbukwa na Kanisa mpaka leo. Hakuwaambia wamrudishe nyumbani. Aliwaambia kwamba sasa liko kaburi moja la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, nalo ni alama kwamba vita vimeanza. Na kwa kuwa Kanisa hushinda kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake, basi wajue kwamba saa imekaribia ya kuligeuza bara hili tokea upande wake wa mashariki.

Hapa nataka tuwe waangalifu, maana ndipo wengi tunapopotea. Mtu asije akasema kwamba Mungu alimwua Rosine ili Kanisa lijengwe. Rosine aliuawa na homa. Mauti ni adui. Ndivyo Paulo anavyoiita katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, tena anasema ni adui wa mwisho. Hatuambiwi popote tumsifu adui. Ukiwa umefiwa, au umefutwa kazi, au mvua imekataa na shamba limekauka, hulazimiki kuliita baya kuwa jema ili uonekane una imani. Krapf hakukiita kifo kizuri. Alichokataa ni kukiachia neno la mwisho. Kaburi lilitaka kusema, "Kazi imekwisha." Krapf na Rosine wakalifanya liseme, "Kazi imeanza."

Hilo ndilo jambo la pili. Kumsifu Mungu katika shida ni kukataa shida isiwe ndiyo yenye neno la mwisho. Mkumbukeni Paulo na Sila kule Filipi, katika Matendo sura ya 16. Tunapenda kusimulia jinsi tetemeko lilivyokuja na milango ikafunguka. Lakini walianza kuimba kabla ya tetemeko. Tena angalieni jambo hili dogo: mlinzi wa gereza aliwaosha majeraha yao baadaye, alipokwisha kuamini. Maana yake ni kwamba waliimba mapigo yakiwa bado mbichi migongoni mwao, na damu haijaoshwa. Maumivu yao hayakuwa yamekwisha, lakini waliimba, kwa kuwa Mungu alikuwa bado ni Mungu ndani ya gereza, usiku wa manane, miguu yao ikiwa katika mkatale.

Baada ya barua, Krapf alifanya nini? Hapa ndipo mimi mwenyewe niliguswa zaidi. Alirudi mezani, akaendelea kutafsiri. Sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo zilipelekwa mpaka Marekani, zikachapwa huko mwaka wa 1847. Hebu zikumbukeni sura hizo tatu zina nini ndani yake. Mna Mungu anayeumba mbingu na nchi, na kuona kwamba kila alichokifanya ni chema sana. Kisha mna dhambi, na miiba, na uchungu wa mwanamke katika kuzaa, na mwanadamu kuambiwa kwamba atarudi mavumbini. Na katikati ya hukumu hiyo mna ahadi ya uzao wa mwanamke, utakaomponda nyoka kichwa. Mtu aliyemzika mke aliyekufa kwa uzazi na homa, na watoto wawili wachanga, mmoja jangwani na mwingine ufuoni, ndiye aliyetafuta maneno ya Kiswahili ya kuyasema hayo yote. Ilimbidi atafute neno la "chema sana", na ilimbidi atafute neno la "uchungu". Hakuruka lolote.

Hilo ndilo jambo la tatu. Sifa haiko mdomoni tu. Kuna sifa ya mikono. Mjane anayeamka asubuhi na kuwasha moto ili watoto waende shule wamekunywa chai, huyo anamsifu Mungu. Mzee anayepanda tena mahali ambapo msimu uliopita hakuvuna hata debe moja, huyo anamsifu Mungu. Huenda hana wimbo siku hiyo. Mikono yake inasema kwamba anaamini kesho ni ya Bwana.

Pengine mtauliza, "Je, baada ya hayo yote, Mungu alimpa Krapf mavuno makubwa?" Ningependa kusema ndiyo, lakini historia haisemi hivyo. Mwezi wa Juni 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, naye Mjerumani. Tarehe 25 Agosti walipanda kwenda Rabai, kwa ruhusa ya wazee wa huko, wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa hata kutembea kuliwashinda. Mwaka wa 1849 walikuja wasaidizi wawili, na mmoja wao, Johannes Wagner, alikufa mwaka huo huo. Krapf na Rebmann walisafiri bara mbali. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka wa 1848, na Krapf aliuona mlima Kenya mwaka wa 1849 akiwa Ukambani. Na waliposema kwamba juu yake kuna theluji, wataalamu wengine wa Ulaya waliwacheka. Waumini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza wao alikuwa kilema mmoja aliyeitwa Mringe, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Mwaka wa 1853 afya ya Krapf ilivunjika, akarudi Ulaya. Alikuja tena mwaka wa 1862 kuwasaidia ndugu zetu Wamethodisti kuanza kazi huko Ribe, lakini hakuweza kukaa. Rebmann alibaki. Mkewe alikufa mwaka wa 1866. Naye alikaa mpaka 1875, miaka 29, na alipoondoka alikuwa karibu kipofu. Akafa mwaka uliofuata.

Sasa fungueni Biblia zenu katika kitabu cha nabii Habakuki, mwisho wa sura ya 3. Nabii anahesabu hasara zake moja moja, kama mkulima anayetembea shambani baada ya ukame: mtini hauna maua, mzabibu hauna matunda, mzeituni umemdanganya, mashamba hayatoi chakula, zizi halina kondoo, banda halina ng'ombe. Hasemi kwamba anangoja mtini uchanue ndipo afurahi. Anasema atamfurahia Bwana vivyo hivyo. Si kwamba hasara hazioni. Amezihesabu zote sita. Lakini furaha yake haikuwekwa zizini wala ghalani. Imewekwa kwa Mungu wa wokovu wake.

Na Mungu hakusahau. Kule Rabai, mahali walipofika wagonjwa wawili wenye homa, pakawa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao. Mwaka wa 1875 kijiji cha Freretown kiliwekwa upande ule ule wa bara, si mbali na kaburi la Rosine, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya utumwa. Mwaka wa 1885 William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliookolewa katika utumwa wakiwa watoto na kulelewa India, waliwekewa mikono na Askofu James Hannington kuwa mashemasi. Mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni walipewa hati zao za uhuru. Ile kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilichapwa London mwaka wa 1882. Biblia nzima ya Kiswahili ikatoka 1891, na ile ya umoja, ambayo wengi wetu tunayo mikononi, ikatoka 1952.

Krapf hakuiona kamusi yake ikitoka. Alikuwa amekufa huko Korntal, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1881. Usiku alikwenda kulala kama kawaida, na asubuhi wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alikufa akiomba. Ndugu zangu, tangu chozi la jangwani hadi magoti hayo ya Korntal ni karibu miaka 40, na katika miaka hiyo yote mtu huyu hakupewa maelezo ya kwa nini. Alipewa Mungu.

Basi, niliporudi kutoka Mombasa nilimwendea yule mama. Sikutoa salamu yangu ya mazoea. Niliketi. Mnakumbuka rafiki zake Ayubu, walivyoketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno? Walifanya vema mpaka walipofungua vinywa. Nilimwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Kisha nikamsimulia habari ya Rosine, na ya yule mtoto aliyeishi saa moja.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja tu: "Mtoto wa saa moja, naye alipewa jina?"

Nikamwambia, "Alipewa."

Akasema, "Wangu tangu azikwe hakuna anayelitaja jina lake. Watu wanaogopa nitalia."

Tukalitaja jina la mtoto wake mbele za Mungu katika maombi, naye akalia, na mara hii sikumkataza. Jumapili ya tatu baada ya hapo nilimwona kanisani, ameketi nyuma karibu na mlango. Tulipoinuka kuimba, naye aliinuka. Hakuimba. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Alisimama tu katikati ya waimbaji mpaka wimbo ukaisha, na mama aliyekuwa karibu naye akamshika mkono. Nami mimbarani nikajua kwamba Mungu amepokea sifa pia kutoka kiti kile cha nyuma.

Wapendwa, nataka niseme neno kwa makundi mawili kabla ya kuagana.

Ninyi mnaokwenda kufariji wengine, msiwe wepesi kama nilivyokuwa mimi. Msimpe mwenye msiba mstari kama vile mtu anavyotoa sarafu ili aombaye aondoke mlangoni. Leteni maji, leteni kuni, leteni unga, ketini naye. Mwimbieni yeye asiyeweza kuimba, mpaka siku atakayoweza. Kwa sababu hiyo Bwana alituweka katika kanisa, hakutuacha kila mtu na shida yake nyumbani kwake.

Nanyi mlio katika shida asubuhi hii, mliosikia "Bwana asifiwe" na moyo ukakataa kuitikia, Mungu hakukasirika. Mwambieni ukweli. Liiteni chozi kwa jina lake mbele zake. Yeye ndiye aliyewahi kulia penye kaburi. Kisha fanyeni kazi moja ndogo ya leo kwa ajili yake, hata kama ni kuwasha moto tu. Hiyo nayo ataihesabu kuwa sifa. Na mkipita Mombasa, vukeni ng'ambo mkasimame kidogo mahali pale. Mtalikuta kaburi la mama mmoja, na wote wanaolisimulia kwenu watalisimulia kwa Kiswahili, lugha ambayo mumewe alianza kuitia Neno la Mungu wiki chache kabla ya kumzika, na hakuacha baada ya kumzika.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliye Baba wa rehema, tunakuletea wote wanaolia leo. Uyaone machozi yao, wala usiyahesabu kuwa ni kukosa imani. Utusamehe sisi tuliowanyamazisha wenye uchungu kwa maneno mepesi. Tunakushukuru kwa ajili ya watumishi wako waliolala katika pwani yetu, na kwa wenyeji waliowapokea na kuwafundisha. Utupe neema ya kukusifu kwa midomo tukiweza, na kwa mikono midomo ikishindwa, mpaka siku ile ambapo wewe mwenyewe utafuta kila chozi. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyekufa akazikwa, na ambaye kaburi halikuweza kumzuia. Amina.